Juma bin Abdallah yupi? Kumtafuta baba wa babu katika nyaraka za Pangani

Kitukuu wa Bweni aliandika:

Asalaam alaikum ndugu zangu, na kwa wasio Waislamu nawasalimu pia kwa heshima.

Tangu baba yangu alipofariki, mimi binti yake wa pili nimejitwika kazi ya kuandika shajara ya ukoo wetu, na sasa nimekwama mahali ambapo nadhani wengi walikwama kabla yangu. Baba wa babu yangu aliitwa Juma bin Abdallah. Mtu asiyeijua pwani anaweza kudhani kwamba hilo ni jina kamili linalomtosha mtu mmoja, lakini sisi tuliozaliwa Pangani tunajua kwamba ukisimama kivukoni jioni ukaita "Juma Abdallah!", watageuka wanaume watano, na mmoja wao atakuwa mgeni aliyeshuka kuuza samaki tu.

Tunayoyajua juu yake ni machache. Aliishi Bweni, ng'ambo ya mto, na alikuwa na minazi. Mkewe aliitwa Zafarani binti Feruzi. Babu yangu Hamisi, mtoto wao, alizaliwa karibu na mwaka 1910. Inasemekana Juma alivuka kutoka Unguja kwa jahazi akiwa kijana, ila hakuna anayejua kama ilikuwa kabla ya vita vya Abushiri na Wajerumani au baadaye. Baba mkubwa wangu, ambaye ndiye mzee pekee aliyebaki wa kizazi chake, kila nikimuuliza hunijibu kwa neno moja, kwamba sisi ni Washirazi, yaani watu wa pwani wanaojinasibisha na Shirazi ya Uajemi, kisha hubadilisha mazungumzo.

Kitu pekee cha maandishi tulicho nacho ni karatasi moja ya Kiarabu iliyokutwa katika sanduku la babu, yenye tarehe ya mwezi wa Rajabu 1319. Shehe mmoja aliyenisomea alinieleza kwamba ni hati ya ununuzi wa shamba la minazi, na kwamba mnunuzi ni Juma bin Abdallah Atiki, na baada ya hapo yakafuata majina mengine aliyodhani ni ya mababu wa juu zaidi. Kwa hiyo kwa miaka sita nimekuwa nikiutafuta ukoo wa Atiki. Nimeuliza Tanga, nimeuliza Unguja, nimewaandikia hata watu wa jina hilo walioko Maskati, na wote wamenijibu kwa upole kwamba hawatujui. Nilipokwenda kwenye nyaraka Dar es Salaam nilinakili majina ya akina Juma bin Abdallah 11 kutoka majalada mbalimbali ya wilaya za pwani, na nilirudi nyumbani nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda.

Naomba mwongozo. Mtu hufanyaje kumtenga Juma wake na akina Juma wa watu wengine?

Mtunza Makabrasha alijibu:

Wa alaikum salaam, dada. Nimefanya kazi ya nyaraka kwa miaka mingi na swali lako nimeulizwa mara nyingi kuliko jingine lolote, isipokuwa jina hubadilika: leo ni Juma Abdallah, kesho Ali Mohamed, keshokutwa Salum Rashidi.

Kwanza liweke kando neno "jina la ukoo". Wazee wetu wengi hawakuwa nalo. Mtu aliitwa kwa jina lake na la baba yake, na likihitajika, la babu yake, kwa hiyo jina la mwisho lilibadilika kila kizazi. Ni fomu za serikali, shule na pasipoti zilizokuja kulifunga jina la tatu mahali pamoja na kulifanya lirithiwe. Ukitafuta "familia ya Abdallah" katika daftari za mwaka 1900 unatafuta kitu ambacho hakikuwepo. Waliokuwa na jina la kudumu ni wale wenye nisba, yaani jina la kabila au la asili, kama Barwani au Harthi, na hata hao mara nyingi mwandishi aliiacha nisba yao pale alipoona kila mtu anawajua.

Pili, jina moja huandikwa kwa sura nyingi. Hati za kadhi na liwali ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo huziacha irabu fupi. Karani wa Kijerumani akaandika Djuma au Dschuma, Hamissi, Schabani. Waingereza wakaleta Abdulla na Khamis. Katika faharasa ya kizungu hawa wote hukaa kurasa tofauti, na aliyetafuta chini ya J peke yake huondoka akiamini kwamba amemaliza. Wapagazi wa Kariakoa, yaani kikosi cha Waingereza cha wabeba mizigo (Carrier Corps), katika vita vya 1914 hadi 1918 waliandikwa kwa namba na kwa majina ya namna hii hii, na sehemu kubwa ya mishahara ya waliokufa haikuwafikia warithi wao, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba haikujulikana karatasi ya Juma yupi ni ya nyumba ipi.

Lakini kabla sijakutuma popote, nakuomba jambo moja. Ichukue ile karatasi na uunakili mstari wenye jina neno kwa neno, bila kuupanga upya, ukionyesha neno "bin" limeandikwa wapi na halikuandikwa wapi.

Bint Mvita alijibu:

Dada yangu, pole na kazi. Mimi niko Mombasa, na aliyenisumbua ni Mohamed bin Ali, kwa hiyo sidhani kama unanishinda kwa shida.

Nitakueleza kosa langu ili usilirudie. Mwanzoni kila nilipomkuta Mohamed bin Ali wa mtaa wetu nilimwandika katika ukurasa mmoja, nikifurahi kwamba babu yangu alikuwa mtu mashuhuri aliyetajwa kila mahali. Baada ya mwaka mmoja nikaketi nikapanga tarehe, nikagundua kwamba babu yangu huyo alikuwa shahidi wa ndoa akiwa na umri wa miaka mitatu, akanunua nyumba mara mbili baada ya mazishi yake, na akazaa mtoto wa mwisho akiwa na miaka 94. Walikuwa watu wanne. Tangu siku hiyo kila Mohamed bin Ali ninayemkuta nampa ukurasa wake peke yake, na siunganishi kurasa mbili mpaka nipate kitu kingine kisichokuwa jina kinachozifungamanisha, kama vile mke, jirani, deni, au shamba. Hao 11 wako wape kurasa 11. Usiwaonee huruma.

Kilichonifungua mimi hakikuwa jina la Mohamed bali majirani zake. Huku Kenya sheria ya hatimiliki za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani wapeleke madai yao ya mashamba na viwanja, na katika madai hayo watu walileta mashahidi waliosimulia nani alirithi kwa nani na nani anapakana na nani. Mohamed bin Ali walikuwa wengi, lakini Mohamed bin Ali aliyepakana na msikiti fulani upande mmoja na kwa mjane fulani upande wa pili alikuwa mmoja tu. Nyinyi hamkuwa chini ya sheria hiyo, lakini hati yako ya minazi lazima itakuwa na mipaka yake minne, kwa sababu hakuna kadhi aliyeandika mauzo ya shamba bila kutaja mipaka. Umeisoma?

Jambo jingine la kuangalia ni desturi ya kumpa mtoto jina la babu yake. Juma humzaa Hamisi, Hamisi humzaa Juma, na Juma huyo humzaa Hamisi mwingine, mpaka mtu asiye mwangalifu akaruka vizazi viwili bila kujua. Na usiwasahau wanawake. Majina yao ni tofauti zaidi kuliko ya wanaume, na katika hesabu za mirathi hawakosekani, kwa sababu mke mwenye watoto ana thumni yake (sehemu moja ya nane), na mama ana sudusi yake (sehemu moja ya sita), na kadhi hawezi kugawa bila kuwaandika. Zafarani binti Feruzi utamwona upesi kuliko Juma.

Msafiri99 alijibu:

Kwa nini usipime vinasaba? Siku hizi unatema mate katika kichupa, unakituma, na mambo yanakwisha.

Mtunza Makabrasha alijibu:

Kipimo kinaweza kumwonyesha jamaa wa damu aliyepimwa naye, na kinaweza kumpa makisio ya sehemu walikotoka wazazi wake wa zamani, lakini hakitamwambia ni Juma yupi aliyenunua minazi. Kama atapata fedha za ziada na apime. Mimi bado nausubiri ule mstari.

Kitukuu wa Bweni aliandika:

Nawashukuru sana. Nimekaa na karatasi tangu magharibi, na mwanangu anayesoma madrasa amenisaidia kutambua herufi. Mstari unasomeka hivi: "Juma bin Abdallah Atiki", kisha jina la mtu, kisha "bin", kisha jina la baba yake, kisha nisba ya Kiarabu. Majina hayo ya mwisho naomba nisiyataje hapa kwa kuwa watu wa nisba hiyo wapo mpaka leo na tunasalimiana. Neno "bin" lipo kati ya Juma na Abdallah, na lipo kati ya yale majina mawili ya baadaye, lakini kati ya Abdallah na Atiki halipo, na baada ya Atiki pia halipo. Shehe alidhani mwandishi amelisahau.

Mwalimu wa Khati alijibu:

Dada, mwandishi hakusahau kitu. Atiki hapo si jina la mtu.

Ni kweli kwamba Atiki hutumika kama jina, na ndiyo maana shehe wako, Mungu amlipe kheri, hakuona tatizo. Lakini katika hati za zamani neno hilo likikaa baada ya jina bila "bin", na likafuatwa moja kwa moja na jina la mtu mwingine, maana yake ni "aliyeachwa huru na". Kiarabu hakihitaji kuweka "wa" katikati, kwa hiyo kwa macho ya msomaji wa Kiswahili maneno hayo huonekana kama msururu wa majina ya mababu. Usomaji sahihi ni huu: Juma mwana wa Abdallah, huru wa Fulani bin Fulani. Hao ambao umewaandikia Maskati hawakukuficha chochote, kwa sababu ukoo wa Atiki uliokuwa ukiutafuta haukuwahi kuwepo. Majina yanayofuata si ya mababu zako bali ni ya bwana aliyemmiliki Juma, au mzazi wake, kisha akamwacha huru.

Naliandika hili polepole kwa sababu najua lina uzito, na sitaki ulichukue zaidi ya ushahidi wake. Hebu nikuonyeshe mambo mengine mawili yanayokwenda upande uleule. La kwanza ni Abdallah. Mtu aliyeingia Uislamu, au aliyeletwa mtoto kutoka bara bila kujulikana baba yake, mara nyingi aliandikwa "bin Abdallah", yaani mwana wa mja wa Mwenyezi Mungu, ambaye kila mwanadamu ni yeye. Qurani yenyewe katika Sura ya Al-Ahzab, aya ya tano, inaamrisha watu waitwe kwa baba zao, na kwamba wasipojulikana baba zao basi ni ndugu katika dini na mawlaa, yaani washirika wenu. Kwa hiyo inawezekana hakukuwa na mzee Abdallah hata kidogo, na ngazi hiyo ya shajara yako haina mtu. La pili ni mkewe. Zafarani ni kitu cha harufu nzuri na Feruzi ni kito, na majina ya namna hiyo, pamoja na Almasi, Mabruki, Farhani na Faida, mabwana waliyapenda sana kwa watumwa wao. Sisemi kwamba kila Feruzi alikuwa mtumwa, kwa kuwa majina husafiri na kupendwa na watu wote. Nasema kwamba dalili tatu zikisimama pamoja katika nyumba moja, mtu mwenye akili husimama akazitazama.

Kuhusu tarehe, Rajabu 1319 iliangukia Oktoba na Novemba 1901. Ukitaka kukadiria mwenyewe siku nyingine, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622. Ni makadirio tu, yanaweza kukosea kwa miezi, lakini yatakuepusha na kosa la kudhani kwamba karne za Hijria na za Miladi zina urefu sawa.

Mtunza Makabrasha alijibu:

Mwalimu amenitangulia, na amelisema vizuri kuliko ambavyo ningelisema mimi.

Sasa tarehe hiyo ina faida kubwa. Serikali ya Kijerumani haikuufuta utumwa Tanganyika, jambo ambalo watu wengi hushangaa kulisikia. Mwishoni mwa Novemba 1901 ilitoa amri iliyompa mtumwa haki ya kujikomboa kwa malipo, na baadaye ikaamuru kwamba watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru, ila utumwa wenyewe ulifutwa kisheria na Waingereza mwaka 1922. Juma wako ananunua minazi akiwa tayari ni huru katika Rajabu, yaani wiki chache kabla ya amri hiyo ya 1901. Basi uhuru wake ulitoka mahali pengine, na mimi naona njia tatu.

Njia ya kwanza ni kwamba bwana wake alimwacha huru kwa hiari, kwa kutafuta thawabu au kwa wasia alipokaribia kufa. Hapo utafute wasia na mirathi ya bwana, si ya Juma. Jina la bwana lina nisba, si la kawaida, na wenye mali waliandikwa. Watu wengi wa namna yake waliweka wakfu mashamba au nyumba kwa ajili ya watumwa waliowaacha huru na vizazi vyao, na Unguja Kamisheni ya Wakfu ilianzishwa mwaka 1905 ikawa na makabrasha ya wakfu kama hizo. Tena katika madhehebu ya Shafii aliyemwacha mtu huru ana haki ya walaa, yaani anaweza kumrithi huru wake asiye na warithi wa nasaba, kwa hiyo uhusiano wa bwana na huru wake haukukatika siku ya uhuru, na huonekana tena kwa kadhi miaka 30 au 40 baadaye, mmoja wao anapokufa.

Njia ya pili ni hati za uhuru zilizotolewa na Wajerumani wenyewe tangu miaka ya 1890, ambazo zilifikia makumi ya maelfu. Majalada ya Kijerumani yaliyobaki yako katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, lakini mengi yalipotea au kuharibika wakati wa vita, mengine yakiwa yamefukiwa ardhini. Ukienda, usiombe Juma. Omba majalada ya ofisi ya Pangani yanayohusu utumwa, kisha upite majina ya mabwana.

Njia ya tatu ni Unguja, kwa kuwa mnasema alitoka huko. Sultani Hamoud bin Mohammed aliifuta hali ya utumwa kisheria Unguja na Pemba tarehe 6 Aprili 1897, lakini uhuru haukuja wenyewe. Mtumwa alitakiwa aende mahakamani kuudai, akaandikwa, na bwana akalipwa fidia. Kama Juma alipata uhuru wake namna hiyo kisha akavuka, basi alama yake iko katika Nyaraka za Taifa Zanzibar, Kilimani. Hata hivyo mimi naiona njia hii kuwa dhaifu kwako, kwa sababu mtu aliyeachwa huru na mahakama mara nyingi hakuwa na haja ya kujitambulisha kwa jina la bwana wake alipokwenda kununua mali kwenye mji mwingine. Aliyejiandika "huru wa fulani" Pangani alikuwa anaishi mahali ambapo jina la fulani lilikuwa dhamana yake. Tena mashamba ya miwa ya Pangani yalilimwa na watumwa kwa miaka mingi, na wengi wao hawakuwahi kuiona Unguja, ingawa wajukuu zao husema walitoka huko.

Mzee wa Mkwaja aliandika:

Nimesoma yote na nina swali. Haya mnayoyafukua, mzee mwenyewe ameyakataa kuyasema. Binti ana baba yake mkubwa aliye hai anayemwambia kwamba wao ni Washirazi. Je, ni adabu kumpelekea karatasi ya kumkanusha?

Mwalimu wa Khati alijibu:

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ni la haki, na mimi nisingempelekea mzee karatasi ili kumkanusha. Ningempelekea ili anisaidie kuisoma, kwa sababu anajua mambo ambayo karatasi haiyajui. Huenda neno lake ni la kweli kwa njia ambayo sisi hatuijui bado. Watu hawakuwa na mzazi mmoja tu, wala hesabu ya Ushirazi haikuwa ya baba peke yake katika kila nyumba.

Dada, nitumie picha ya karatasi nzima, pande zote mbili. Bint Mvita aliuliza mipaka na hukumjibu.

Kitukuu wa Bweni aliandika:

Nilichelewa kurudi kwa sababu kulikuwa na mambo ya kuyamaliza nyumbani kwanza, na nawaomba radhi.

Mwalimu alinisomea mipaka yote minne. Mashariki ni njia, magharibi ni mto, kusini ni shamba la yule bwana mwenyewe. Na kwenye mpaka wa kibla, ambao huku kwetu ni kaskazini, imeandikwa: shamba la Juma bin Abdallah al-Shirazi. Wako wawili katika karatasi moja, mnunuzi na jirani yake, na mwandishi aliwatenga kwa neno mojamoja tu, huyu huru wa fulani, yule Mshirazi. Ushauri wa Bint Mvita wa kumpa kila mmoja ukurasa wake ulikuwa bado haujakauka wino, nami nikamwongeza Juma wa 12.

Nilikwenda kwa baba mkubwa bila karatasi. Sikumuuliza habari ya utumwa wala ya Ushirazi. Nilimuuliza tu kama amewahi kusikia kwamba Bweni palikuwa na akina Juma Abdallah wawili wanaopakana. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka, jambo ambalo sikulitarajia, akasema, "Juma Mrefu na Juma Kitanga. Unadhani mimi ni mjukuu wa yupi?" Nikamjibu kwamba wa Kitanga, kwa kuwa niliwahi kumsikia bibi akilitaja jina hilo. Akasema, "Wa wote wawili."

Babu yangu Hamisi, mtoto wa Juma Kitanga, alimwoa binti wa Juma Mrefu, jirani yao wa upande wa kibla. Baba mkubwa na marehemu baba yangu ni watoto wa ndoa hiyo. Kwa hiyo babu yao mzaa baba na babu yao mzaa mama wote waliitwa Juma bin Abdallah, na kila nilipomuuliza baba mkubwa habari za "babu yako Juma bin Abdallah", alikuwa akinijibu kuhusu yule wa pili, na hakuwa anasema uongo. Mzee wa Mkwaja, nakushukuru kwa swali lako, maana lilinizuia kwenda na karatasi mkononi.

Mengine aliyasema kidogokidogo akiwa anaangalia pembeni. Ndoa ile ilikuwa na maneno. Watu walisema mtoto wa huru si kufu kwa binti wa Kishirazi, yaani hawalingani kwa hadhi, na kadhi aliulizwa, na Juma Mrefu akasema kwamba amekaa na Kitanga mpaka mmoja kwa zaidi ya miaka 30, wala hawajawahi kugombania hata nazi moja iliyodondoka upande wa pili. Aliridhia yeye na akaridhia binti, na mwenye haki ya kukataa akisharidhia, wengine hawana la kusema. Baba mkubwa alilisikia hilo kutoka kwa mama yake. Kuhusu Abdallah wa upande wa Kitanga hajui chochote, na hajawahi kusikia kaburi lake liko wapi.

Nimeuacha ukurasa wa Abdallah huyo wazi, na Atiki nimempiga mstari. Jina la bwana nimeliandika katika daftari langu, na mwezi ujao nitakwenda kuomba majalada ya Pangani kwa jina hilo, kama Mtunza Makabrasha alivyonielekeza. Ndoa ya Hamisi nitaitafuta kwa jina la bibi, ambalo halifanani na la mtu mwingine yeyote niliyewahi kukutana naye.

Jumamosi tunavuka kwenda Bweni kuitazama ile mipaka minne. Baba mkubwa amesema njia ya upande wa mashariki ingalipo, na ametaka tumchukulie kiti.